Macho ya Nyapara

Katika kile kiwanda cha ngozi, chumba cha chokaa kilikuwa nyuma kabisa, kimetupwa huko kama mtoto wa kambo. Ngozi mbichi zilishushwa kwenye malori zikiwa na chumvi na manyoya yake, zikaoshwa, kisha zikaburutwa mpaka huko nyuma na kuzamishwa kwenye mashimo manne ya saruji yaliyojaa maji meupe mazito kama uji. Zilikaa humo siku tatu, mpaka manyoya yakalegea yenyewe. Aliyekuwa akiyachanganya maji hayo alikuwa mwanamke mmoja mfupi, mwenye mabega ya mbeba mizigo, na watu wote walimwita Mama Pipa.

Jina lilitokana na pipa la bluu alilokuwa ameliweka mlangoni. Kila asubuhi, kabla hajagusa mfuko hata mmoja, alilisugua pipa lile, akalijaza maji safi mpaka pomoni, akalifunika, na juu ya kifuniko akaweka kopo la bati lenye mpini mrefu. Maji yale hayakuwa ya kunywa wala ya kunawa. Mtu akichota kwa utani alitukanwa mpaka jamaa zake walioko mbali wakajikuna. Bomba la chumba kile lilikuwa limekufa tangu mwaka juzi, na maji mengine ya karibu yalikuwa kwenye birika la kuoshea ngozi, ng'ambo ya uwanja, hatua themanini. Alikuwa amezihesabu.

Chokaa ilikuja kwenye mifuko ya karatasi, unga laini kuliko wa ngano, na kwenye mfuko iliandikwa kwamba imezimwa. Wengi walidhani kuzimwa ni kufa. Kila mgeni wa kazi alipoletwa, Mama Pipa alimsimamisha mbele ya mfuko na kumwambia maneno yale yale: "Aliyezimia si maiti. Huyu anangoja maji tu, na maji unayo wewe mwenyewe. Kwenye jasho, kwenye pua, kwenye jicho."

Na ushahidi alikuwa nao. Miaka tisa nyuma unga kidogo ulimwingia ndani ya buti, ukakutana na jasho, akashinda nao mchana kutwa bila kusikia kitu zaidi ya mwasho. Jioni alipovua buti, soksi ilitoka na ngozi. Kovu lilibaki limezunguka kifundo cha mguu kama pingu. Tangu hapo suruali yake ilivaliwa juu ya buti, haikuchomekwa ndani. Mikono ya shati aliifunga kwa kamba. Miwani yake ilikuwa ile inayokumbatia uso wote. Na barakoa hakuivua hata kwa salamu. Mfuko aliulaza kabla ya kuukata, kisha akaumimina chinichini na polepole, chokaa ndani ya maji, upepo ukiwa mgongoni. Waliomcheka walimcheka wakiwa mbali.

Mdogo wake wa kiume, wa tumbo moja, alifanya kazi hapo hapo. Huyo walimwita Kiberiti, na hapakuwa na haja ya kuuliza kwa nini. Kazi yake ilikuwa kuzigeuza ngozi ndani ya mashimo kwa mti mrefu wenye ndoano ya chuma. Dada yake alikuwa amembeba mgongoni kabla hajajua kutembea, na ndiye aliyemwombea kazi hiyo baada ya kufukuzwa kwingine mara tatu, mara zote kwa ngumi.

Juu yao wote alikuwapo nyapara. Lilikuwa pande la mtu, shingo kama kinu, na inasemekana ujanani aliwahi kupigana ulingoni. Ulingo aliuacha, ngumi hakuziacha. Alikuwa amemng'oa jino mparuaji mmoja wa manyoya aliyeitwa Kisu kwa kosa la kuchelewa, na Kisu akaendelea kufika kazini na pengo lake kwa sababu nyumbani kulikuwa na midomo sita. Watu walimwogopa nyapara jinsi mtu anavyoogopa mbwa wa jirani, kwa chuki na hesabu ya umbali.

Siku yenyewe ilikuwa ya wageni. Wanunuzi wa ngozi walitarajiwa saa tano, na nyapara alikuwa akizunguka tangu alfajiri akifagilisha, akifukuza, akipiga teke kila kilichokaa vibaya. Saa nne akafika chumba cha chokaa, akaliona pipa mlangoni, akasema liondolewe, linaziba njia. Mama Pipa alimjibu kwa heshima kwamba amebakiza mifuko sita, akimaliza kuimimina ataliondoa yeye mwenyewe. Nyapara aliinua mguu akalisukuma pipa kwa soli ya kiatu, likaanguka, na maji yote yakatambaa kwenye sakafu mpaka kwenye mfereji.

Mama Pipa akaliinua. Akalitazama ndani, kana kwamba huenda limebakiza kitu. Kisha akaweka chini kisu chake cha kukatia mifuko na kuvua glovu.

"Basi kazi ya chokaa imesimama, mkuu," alisema. "Hapafunguliwi mfuko humu mpaka pipa lijae."

Hakupaza sauti, lakini waparuaji wanane na wageuzaji watatu walikuwa wamesikia, na hilo ndilo lililomuuma nyapara. Kofi la kwanza lilikuwa la mgongo wa mkono. Miwani iliruka ikavunjikia ukutani, barakoa ikabaki inaning'inia sikio moja. Mama Pipa alipopepesuka, nyapara alimpokonya mgeuzaji wa karibu mti wake, akampiga nao mgongoni. Akampiga tena. Mara ya tatu mti ulitoa sauti tofauti, na Mama Pipa akaenda chini kwa magoti, akitafuta pumzi asiione.

Kiberiti alikuwa kwenye shimo la mwisho. Hakuna aliyemwona akitoka huko. Walichoona ni nyapara akiyumba baada ya kupigwa kichwa cha pua, damu ikimwagika kwenye shati lake jeupe la wageni. Walishikana, wakaangukia rundo la mifuko, mifuko miwili ikapasuka, na wingu jeupe likapanda. Kiberiti alikuwa mwepesi, lakini wepesi hausaidii mtu aliyeshikwa. Nyapara alimkaba shingo kwa mkono mmoja, akamburuta mpaka ukingoni mwa shimo, akaanza kuusukuma uso wake chini kuelekea maji yale meupe. Kilibaki kiasi cha shubiri. Kiberiti alikuwa akipiga mateke hewa, na mkono wake wa kushoto ulikuwa ukipapasa sakafuni nyuma yake, ukipapasa, mpaka ukakuta unga.

Akaukumba kiganja kizima, akautupa juu, usoni mwa nyapara, ndani ya macho yaliyokuwa wazi kwa hasira.

Mlio uliotoka hapo Mama Pipa hakuwahi kuusikia kwa binadamu. Nyapara alimwachia Kiberiti, akaanza kujifikicha macho kwa viganja viwili, na kila alivyofikicha ndivyo alivyozidi kuusaga unga ndani. Aligonga ukuta. Aligeuka, akagonga nguzo. Alipiga ngumi huku na huku, akimtafuta adui aliyekuwa tayari ndani ya kope zake.

Watu walisimama. Hakuna aliyeinua mguu. Kisu alikuwa mlangoni na lile jambia lake la mikono miwili la kuparulia manyoya, na alisema kwa utulivu, kama mtu anayesoma tangazo: "Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwacheni aingie."

Mama Pipa alisikia, na moyo wake ulikubali. Baadaye hakumficha mtu jambo hilo. Alikuwa amepiga magoti, mgongo ukimwaka, mdomo umejaa ladha ya chuma, na kwa muda wa pumzi tatu alimtazama yule mtu akijigonga, akaona ni haki. Kisha akauona mkono wa nyapara ukilifikicha jicho la kulia, na kidole kikizama. Miaka tisa yote alikuwa akiliona jicho hilo, la mtu yeyote, kila alipolijaza pipa. Akanyanyuka.

Alivua kilemba chake, kilichokuwa kikavu, akamrukia nyapara kwa nyuma na kumpangusa unga wa usoni na nywelani kwa mkupuo mmoja, maana maji yakikuta unga mwingi pale pale yataugeuza uji wa kuunguza tu na kuutiririsha machoni. Nyapara alimpiga kiwiko cha mbavu. Mama Pipa alimshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili, akaanza kumvuta kuelekea mlangoni, kama mtu anayevuta ng'ombe aliyenusa machinjio.

Kisu hakuondoka mlangoni.

"Pisha," Mama Pipa alisema.

"Mama, huyu amekupiga sasa hivi."

"Najua amenipiga. Pisha."

Kisu akatikisa kichwa. Hapakuwa na wakati wa kushauriana. Mama Pipa aliliokota lile kopo la bati kwa mpini wake mrefu, akampiga nalo Kisu katikati ya uso kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Pua ilivunjika, kila mtu aliisikia. Kisu akakaa chini, jambia likalia sakafuni, na njia ikawa wazi.

Hatua themanini. Mtu mzima, mzito, asiyeona, anayedhani kila mkono unaomgusa ni wa muuaji. Alimwangusha Mama Pipa mara mbili kwenye changarawe na mara zote mbili aliamka hajauachia mkanda. Walipofika katikati ya uwanja, Kiberiti akatokea mbio, shingo imejaa alama za vidole, mti wa ndoano mkononi. Alimpiga nyapara teke la mbavu, akamwangusha, akaunyanyua mti ule ndoano ikiwa mbele, juu ya kichwa cha mtu aliyelala.

"Kiberiti," dada yake alimwita. Halafu akamwita kwa jina lake la utotoni, lile la nyumbani, ambalo hakuna mtu kiwandani aliyelijua.

Mti haukushuka, wala haukuwekwa chini. Mama Pipa akaudaka, wakavutana, akampokonya, na kabla hajajua amefikiri nini akaushusha kwenye mkono wa mdogo wake, juu kidogo ya kifundo. Mfupa ulikatika kama kuni kavu. Kiberiti alimtazama. Alionekana kusahau maumivu kwanza, akawa anashangaa tu, mtoto aliyepigwa na mtu asiyempiga kamwe. Mama Pipa hakuwa na nafasi ya kuutazama uso huo. Aliuona, akaugeuzia mgongo, akashika mkanda.

Kwenye birika kulikuwa na mpira wa maji. Alimlaza nyapara chali, akamkalia kifuani, akafungua maji, akaanza na jicho la kulia: kope ya juu kwa kidole gumba, ya chini kwa cha shahada, maji yakitoka upande wa pua kwenda nje ili uchafu wa jicho moja usiingie kwenye jingine. Kisha la kushoto. Kisha la kulia tena. Kope zilikuwa zimejifunga kama chaza, ikabidi azipanue kwa nguvu, na alipozipanua nyapara alirusha ngumi iliyomkuta mdomoni na kumtoa meno mawili ya mbele. Aliyatema pembeni, maji hakuyaacha.

"Nipige," alimwambia, maneno yakimtoka kwa upepo mdomoni. "Nipige unavyotaka, ila usifumbe."

Mpishi wa kiwanda alifika mbio na chupa ya mafuta ya kupikia, kwa nia njema kabisa, akisema mafuta hupoza. Nyuma yake mwanamke wa ofisini alikuwa na pakiti ya maziwa. Mama Pipa aliipiga chupa teke, ikabingirika, akasema maji peke yake, mengi, na mwenye mikono amshikie huyu mtu. Mpishi alisimama pale, akitazama damu inayochuruzika kidevuni mwa yule mama na kuingia kwenye maji. Kisha akapiga magoti, akaukalia mkono mmoja wa nyapara. Baada ya kitambo dereva wa lori akaja akaukalia wa pili. Mmoja wa wageuzaji alimvua nyapara shati na kiatu, maana unga ulikuwa umemwingia kifuani na soksini. Hakuna aliyewapangia kazi. Wengine walibaki ng'ambo ya uwanja, mikono kifuani, wakitazama, na kati yao alikuwamo Kisu na tambara la damu usoni.

Nusu saa nzima kwa saa ya ukutani, maji hayakukatika. Saa tano wanunuzi walifika kwenye lango, wakachungulia, wakarudi kwenye gari lao. Gari la wagonjwa lilipokuja, Mama Pipa alipanda na ndoo mbili, akaendelea kummiminia njia nzima, mpaka wakamkuta daktari aliyeichukua kazi hiyo kwa chupa zake.

Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Alisema jicho la kushoto limeungua, halitaona tena. La kulia litaona, si kama zamani, lakini litaona. Aliuliza nani alimwosha. Alipoonyeshwa, alisema kuwa kwa dakika tano za kuchelewa angekuwa anamwandikia mtu huyu fimbo nyeupe. Halafu akamtazama vizuri Mama Pipa, akamwambia naye akae kitandani. Mbavu mbili zilikuwa na nyufa, na ngozi ya viganja vyake, vilivyokuwa bila glovu, ilikuwa ikibanduka kama ya viazi vilivyochemshwa.

Polisi walimchukua Kiberiti jioni ile ile, mkono ukiwa kwenye plasta mbichi.

Mama yao alikuwa mtu mzima wa miaka sabini na kitu, aliyekuwa akiishi na binti yake katika vyumba viwili. Mama Pipa aliporudi kutoka hospitali alimkuta jikoni amesimama na mwiko. Mama hakuuliza habari za mbavu. Alimpiga mwiko wa bega, akampiga wa kichwa, mpaka mwiko ukakatika, na binti yule wa miaka arobaini na mitano alisimama akapigwa bila kuinua mkono. Ndipo mama akasema, kwa sauti ya chini, kwamba amezaa watoto wawili, mmoja alimpigania mwenzake, na mwenzake akamvunja mkono kwa ajili ya jogoo wa watu. Alifunga nguo zake kwenye khanga akahamia kwa dada yake.

Wiki ya sita alikuja mke wa nyapara, mwanamke mwembamba aliyevaa mikono mirefu kwenye joto, akasema mumewe anamwita. Mama Pipa alisita siku mbili, kisha akaenda. Alimkuta amekaa sebuleni, mapazia yamefungwa kwa sababu mwanga ulimuumiza. Jicho la kushoto lilikuwa jeupe kama yai lililochemshwa. Alikuwa amekonda, na zile ngumi zilikuwa magotini kama vitu vya kuazima. Hakumkaribisha. Alimuuliza kwa nini.

Mama Pipa alisema hajui. Alisema ukweli, kwamba alifikiria kumwacha, na kwamba hata leo akikumbuka ule mti mgongoni bado anatamani angemwacha kidogo zaidi. Mke wa nyapara alikuwa mlangoni, akisikiliza bila kuonekana anasikiliza.

"Sikuombi asante," Mama Pipa alisema alipoinuka. "Mahakamani utaulizwa nani alianza. Sema nani alianza."

Kesi ilisikilizwa mwezi uliofuata. Chumba kilijaa watu wa kiwandani, wengi wao wakiwa wamekuja kumwona nyapara akidanganya. Alisimama na miwani myeusi, akashikilia ukingo wa kizimba kwa mikono miwili, akaulizwa. Ikabidi hakimu arudie swali. Ndipo aliposema kwamba alimpiga mwanamke kwanza kwa mkono, akampiga kwa mti mara tatu, na kwamba alikuwa akimsukuma kijana yule kwenye shimo na hakuwa na nia ya kuacha. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetapika, akashuka, na akapita mbele ya Mama Pipa bila kugeuza kichwa. Nyapara mwenyewe alifunguliwa kesi yake baada ya hapo. Kiberiti, badala ya miaka saba iliyokuwa ikizungumzwa, alipata mwaka mmoja na nusu.

Mama yao alirudi nyumbani Jumapili moja, na khanga yake ile ile, akaanza kupika bila maelezo. Hakuomba radhi, wala hakuombwa. Alinunua mwiko mpya.

Kiberiti ndiye aliyekuwa mgumu. Mara tatu dada yake alikwenda kumtembelea gerezani, na mara tatu Kiberiti alikaa upande wa pili wa wavu akimpa mgongo mpaka muda ukaisha. Dada alikuwa akizungumza na mgongo huo. Aliupa habari za mama, za paa linalovuja, za kiwanda: kwamba nyapara mpya ni mwanamke, kwamba bomba la chumba cha chokaa sasa linatoa maji na limewekwa na kinyunyizio cha macho, kwamba Kisu anapumua kwa tundu moja la pua na bado hamsalimii.

Mara ya nne aligeuka. Mkono ulikuwa umepona vibaya, umepinda kidogo nje, naye aliuweka juu ya meza ya upande wake ili auone vizuri.

"Ulinipiga, Dada," alisema. "Mbele za watu."

"Nilikupiga."

"Ungenipiga tena?"

Mama Pipa aliutazama mkono ule. Alikuwa ameushika siku mtu huyu anajifunza kusimama. Alitamani kusema uongo, na uongo wenyewe ulikuwa umefika kwenye lile pengo la meno ya mbele.

"Ningekupiga mapema zaidi," alisema, "kabla hujamfika."

Kiberiti akacheka, kicheko kifupi cha hasira, kikakatika, kikarudi tena kikiwa kirefu zaidi, mpaka askari akageuka kutazama. Alijifuta macho kwa mkono mzima, akamwambia ajapo tena amletee mafuta ya kuchua mkono, maana unauma asubuhi kukiwa na baridi, na amwambie mama kwamba anakula vizuri, hata kama si kweli.